Sumaku ya Dunia inapotikisika: mwongozo kamili wa kupima mabadiliko makali ya ghafla

Tarehe 13 Machi 1989, saa 07:45 UTC, gridi ya umeme ya Hydro-Québec nchini Kanada ilianguka. Mitambo saba ya kudhibiti volteji ilijizima mmoja baada ya mwingine, na baada ya sekunde zipatazo 90 watu milioni sita walikuwa gizani. Umeme ulikaa takribani saa tisa kabla ya kurudi kwa wengi wao. Chanzo kilikuwa dhoruba ya sumaku. Sasa fungua jedwali la Dst, kipimo ambacho wengi hukitumia kupanga dhoruba kwa ukubwa, utakuta dhoruba hiyo ilifika kina chake, nanotesla (nT) −589, saa za mwanzo za tarehe 14; kadiri namba inavyokuwa hasi zaidi ndivyo dhoruba ilivyo kubwa. Gridi ilikuwa imeanguka zaidi ya saa 17 kabla.

Mwongozo huu unatokana na pengo hilo la saa 17. Anayetaka kujua dhoruba ilikuwa kubwa kiasi gani atatosheka na namba za kila saa au kila saa tatu. Anayetaka kujua kama transfoma iko hatarini, au kama vipimo vyake vya uwandani vimeharibika, anahitaji kujua uga sumaku ulibadilika kwa kiasi gani ndani ya dakika moja, tena katika eneo lake. Kompyuta, intaneti na lahajedwali la kawaida vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kifaa cha kupimia kinakuja baadaye, na si lazima uwe nacho.

Hatua ya 1: Tenganisha ukubwa na kasi

Nguvu ya uga sumaku hupimwa kwa nanotesla, kwa kifupi nT. Sehemu nyingi za uso wa Dunia zina kati ya nT 25,000 na 65,000, dhaifu zaidi kuelekea ikweta na kali zaidi kuelekea ncha. Karibu yote hiyo inatoka kwenye kiini cha nje cha Dunia, ambako chuma kilichoyeyuka kinazunguka, na hubadilika taratibu, makumi ya nT kwa mwaka. Sehemu hiyo tunaiacha. Tunachofuatilia ni ile sehemu ndogo inayotoka juu yetu: mikondo ya umeme katika ayonosfia, tabaka la hewa lenye chaji za umeme kwenye kimo cha kilomita 100 na ushei, na mikondo mingine ya mbali zaidi ndani ya magnetosfia, eneo la anga linalotawaliwa na sumaku ya Dunia. Hata dhoruba kali huongeza au kupunguza asilimia chache tu ya uga wote.

Namba ya pili ni kasi ya badiliko, nT kwa dakika, ambayo huandikwa dB/dt. Sababu ya kuijali ni kanuni ya Faraday: uga sumaku ukibadilika, uga wa umeme huzaliwa ardhini, na kadiri badiliko linavyokuwa la haraka ndivyo uga huo unavyokuwa mkali. Penye mwamba usiopitisha umeme vizuri, kama mwamba mkongwe uliolala chini ya Québec, mkondo hutafuta njia rahisi zaidi na kuipata kwenye nyaya ndefu, ukipanda kupitia waya wa ardhi wa transfoma. Kwa transfoma iliyoundwa kwa Hz 50 au 60, mkondo huo unaobadilika kwa dakika ni sawa na mkondo mnyoofu. Kiini chake cha chuma hujaa sumaku katika nusu ya kila mzunguko, hupata joto pasipostahili, na kutoa harmoniki, yaani mawimbi ya ziada ya umeme, zinazozidanganya relei za ulinzi, swichi zinazokata umeme zenyewe penye hitilafu.

Linganisha matukio mawili. Machi 1989, Dst ilifika −589, na mashariki mwa Kanada kasi iliyorekodiwa ilikuwa karibu nT 480 kwa dakika. Julai 1982, Dst iliishia karibu −325, lakini kusini mwa Uswidi ilirekodiwa kasi ya takribani nT 2,700 kwa dakika, na taa za reli zikageuka nyekundu bila treni yoyote njiani. Vituo ni tofauti, kwa hiyo huu si mizani kamili. Unatosha kuonyesha kwamba ukiipanga orodha ya dhoruba kwa Dst na kisha kwa kasi, hutapata orodha ileile.

Hatua ya 2: Izoee kwanza siku tulivu

Wanaoanza huiruka hatua hii, kisha kila mwinuko wa grafu wanauita dhoruba. Kila siku mwanga wa Jua huipasha ayonosfia na kuendesha mikondo inayopandisha na kushusha uga kwa makumi ya nT, kilele kikiwa karibu na adhuhuri ya mahali. Kwenye ukanda mwembamba wa ikweta ya sumaku kuna mkondo wa ziada wa mchana unaoweza kufikisha badiliko hilo nT 100 na kuzidi, hata Jua likiwa limenyamaza kabisa.

Ukubwa huo usikutishe. Mwinuko wa nT 60 kwa saa nne ni sawa na robo ya nT kwa dakika. Hiyo ndiyo sakafu yako: siku tulivu, kasi hukaa chini ya nT 1 kwa dakika karibu muda wote. Kituo cha utafiti wa sayansi ya Dunia cha GFZ kilichoko Potsdam, Ujerumani, hutoa kila mwezi orodha ya siku kumi tulivu zaidi na siku tano zilizovurugika zaidi. Chukua siku tulivu tatu au nne za kituo utakachokitumia, zichore juu ya karatasi moja, uzitazame mpaka umbo lake likukae kichwani.

Hatua ya 3: Pata data sahihi, na ujue mitego yake

INTERMAGNET ni mtandao wa vituo vya uchunguzi zaidi ya mia moja duniani, na data zake za kila dakika hupatikana bure. Chagua kituo kilicho karibu nawe, ila latitudo ya sumaku, yaani umbali kutoka ikweta ya sumaku, ina uzito kuliko umbali wa kilomita. Kituo kilicho mashariki au magharibi yako, latitudo ileile, mara nyingi kitakusaidia kuliko kilicho jirani zaidi lakini karibu na ncha.

Faili nyingi huja katika muundo uitwao IAGA-2002: vichwa vichache vya maelezo, kisha safu za tarehe, saa na vipengele vinne vya uga. Mitego ni hii.

Saa zote ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia, si za mahali. Ukisahau, mlipuko wa usiku wa manane utauandika kuwa wa mchana, na utambuzi wako wote wa Hatua ya 5 utaharibika.

Namba 99999 si kipimo. Maana yake data haipo. Ukiiacha ndani ya lahajedwali, utapata kasi ya makumi ya maelfu ya nT kwa dakika na kudhani umegundua dhoruba ya karne. Namba 88888 ina maana kituo hakirekodi kipengele hicho. Zifute zote kabla ya kukokotoa chochote.

Soma kichwa kinachotaja vipengele. Vituo vingine hutoa X, Y, Z, yaani kaskazini, mashariki na chini. Vingine hutoa H, D, Z, ambapo H ni nguvu ya mlalo na D ni mkengeuko wa dira kwa dakika za tao. Dakika ya tao si nT. Kuibadilisha, zidisha H kwa badiliko la D lililogeuzwa kuwa radiani: penye H ya nT 30,000, dakika moja ya tao ni sawa na nT 8.7 kuelekea mashariki au magharibi.

Mwisho, tazama daraja la data. Zile za papo kwa papo hazijasafishwa na zinaweza kuwa na miiba iliyosababishwa na fundi aliyepita karibu na kihisi. Za mwisho kabisa, zilizohakikiwa, hutoka baada ya miezi mingi.

Hatua ya 4: Kokotoa kasi

Weka X kwenye safu B na Y kwenye safu C. Kwenye safu D, mstari wa pili wa data, andika:

=SQRT((B3-B2)^2+(C3-C2)^2)

Kisha ivute mpaka chini. Mfano wa kubuni: X imeshuka kutoka 28,410 hadi 28,385, na Y imepanda kutoka 1,202 hadi 1,214. Mabadiliko ni −25 na 12. Mzizi wa jumla ya miraba yao, 769, ni 27.7. Kasi ni nT 27.7 kwa dakika.

Kwa nini X na Y, bila Z? Kwa sababu uga wa umeme unaosukuma mkondo kwenye nyaya unafungamana zaidi na mabadiliko ya mlalo. Na kwa nini usitumie tu nguvu ya jumla, F? Kwa sababu uga unaweza kugeuka mwelekeo bila kubadilika nguvu, na F isionyeshe lolote. Nimeona watu wakifuatilia F peke yake kwa kuwa ni namba moja rahisi, wakakosa nusu ya hadithi.

Ukimaliza dakika, tafuta data za kila sekunde kama kituo chako kinazo. Namba ya dakika ni wastani uliochujwa, na badiliko lililotokea ndani ya sekunde ishirini huonekana humo likiwa limelainishwa. Ila ukihama kwenda sekunde, badili na lugha: nT 2 kwa sekunde moja si nT 120 kwa dakika, kwa sababu huenda haikudumu dakika nzima.

Hatua ya 5: Tambua aina ya mtikisiko

Hapa ndipo kazi inaponoga. Kasi kubwa inaweza kutoka kwenye mambo manne tofauti, na kila moja lina saa zake na mahali pake.

La kwanza ni mshtuko wa kuanza. Jua linaporusha wingu la plazma, gesi yenye chaji za umeme, kutoka korona yake, tabaka lake la nje, mbele ya wingu hutangulia wimbi la mshtuko. Likiigonga magnetosfia, huibana upande wa mchana, na H huruka juu kwa makumi ya nT ndani ya dakika chache, dunia nzima karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo alama rahisi kuliko zote kuitambua: fungua vituo vitatu vya mabara tofauti, na kama vyote vimeruka dakika ileile, umeipata. Wanaoishi latitudo za chini na za kati wasiidharau. Tarehe 6 Novemba 2001, mshtuko wa namna hii ulipofika, transfoma moja iliharibika Dunedin, New Zealand, papo hapo, wakati dhoruba yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

La pili ni dhoruba ndogo za usiku, na ndizo zinazotoa kasi kali zaidi zilizowahi kurekodiwa. Mkia wa magnetosfia, upande wa usiku, hulimbikiza nishati kisha kuiachia kwa mkupuo. Mkondo mkali hufunguka katika ayonosfia kwenye ukanda wa aurora, eneo la karibu na ncha ambako taa za angani huonekana, na X hushuka kwa mamia ya nT, wakati mwingine zaidi ya 1,000, katika dakika chache. Mtikisiko huu ni wa kieneo: kituo kimoja kinaweza kupiga kilele wakati kingine, kilomita mia kadhaa kando, kinaonyesha sehemu ndogo tu. Dhoruba kuu ikizidi, ukanda wa aurora hutanuka kuelekea ikweta na kufikia nchi ambazo kwa kawaida ziko salama. Québec iliangushwa na mtikisiko wa aina hii.

La tatu ni mawimbi ya mpigo, yanayopanda na kushuka kwa vipindi vya dakika kadhaa, hasa asubuhi ya mahali. Kila wimbi peke yake linaweza kuwa la wastani, lakini yakiendelea saa nzima transfoma haipati nafasi ya kupoa.

La nne ni athari ya mwako wa Jua, na hutokea upande wa mchana pekee. Miale ya eksi huwasili kwa dakika nane kama mwanga wenyewe, huichochea ayonosfia, na grafu hutoa kinundu kidogo kinachoisha ndani ya saa moja. Mwanaastronomia Mwingereza Richard Carrington alipouona mwako wake maarufu tarehe 1 Septemba 1859, vyombo vya Kew, London, viliandika kinundu hicho hicho. Dhoruba yenyewe ilifika saa kama 17 na nusu baadaye.

Na Dst je? Hiyo hupima mkondo mkubwa wa duara unaoizunguka Dunia juu ya ikweta, kwa wastani wa kila saa kutoka vituo vinne: Hermanus, Kakioka, Honolulu na San Juan. Kp nayo ni namba moja kwa kila saa tatu, kutoka 0 hadi 9. Zote mbili ni nzuri kwa kujua kama kuna dhoruba. Kuzitumia kutafuta dakika ya hatari ni kupoteza muda.

Hatua ya 6: Ona kabla haijafika

Vyombo vilivyoko kilomita milioni 1.5 kuelekea Jua, kikiwemo ACE kilichorushwa 1997, hupima upepo wa Jua kabla haujatufikia. Gawanya umbali kwa kasi: upepo wa kilomita 500 kwa sekunde utafika baada ya dakika 50, wa kilomita 900 baada ya dakika 28 hivi. Hiyo ndiyo ilani yote uliyonayo. Utabiri wa siku mbili kabla hukuambia tu kwamba kitu kinakuja.

Kwenye kurasa za kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA, Marekani, tazama mambo mawili. Kasi na msongamano vikiruka pamoja ghafla, mshtuko wa kuanza uko njiani. Baada ya hapo usiondoe macho kwenye Bz, kijenzi cha kaskazini-kusini cha uga uliobebwa na upepo huo. Kikielekea kaskazini, mlango umefungwa hata upepo uwe wa kasi namna gani. Kikishuka chini ya nT −10 na kubaki huko kwa saa kadhaa, nishati inaingia, na mitikisiko ya usiku itafuata. Tarehe 10 na 11 Mei 2024 hali ilikuwa hiyo: Kp ilifika 9, daraja la G5, la juu kabisa katika mizani ya NOAA ya dhoruba za sumaku, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003.

Hatua ya 7: Jenga kituo chako, ukipenda

Simu isikupotezee muda. Kihisi chake kimetengenezwa kwa ajili ya dira, na kelele yake inazimeza dhoruba nyingi.

Njia ya bei nafuu kabisa ni sumaku ndogo ya mche iliyoning'inizwa kwa uzi mwembamba usiosokotwa, ndani ya chupa ya kioo ya kuzuia upepo, na kioo cha kujitazamia cha ukubwa wa ukucha kimebandikwa juu yake. Elekeza taa ya leza kwenye kioo hicho ili doa liangukie ukuta ulio mita tatu mbali, pasipo njia ya macho ya mtu. Penye H ya nT 30,000, badiliko la nT 100 kutoka mashariki au magharibi huigeuza sumaku kwa 1/300 ya radiani. Mwale unaorudi hugeuka mara mbili ya hapo, na doa husogea sentimita mbili. Milimita moja ni nT 5. Kasoro yake ni kwamba inahisi mashariki na magharibi tu, wakati mshtuko wa kuanza katika latitudo za chini huonekana zaidi kuelekea kaskazini. Ni chombo kizuri cha kufundishia, lakini si cha kutegemea.

Ninachopendekeza ni kihisi cha RM3100, kinachotumiwa na waendeshaji wengi wa redio za ridhaa. Kina mihimili mitatu, na katika mpangilio wake wa kawaida hatua moja ya usomaji ni kama nT 13. Hilo linaonekana baya mpaka ukumbuke wastani: soma mara moja kila sekunde, chukua wastani wa dakika, na kelele isiyo na mpangilio hupungua karibu mara nane. Kiunganishe na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi.

Mahali pa kukiweka pana uzito kuliko kifaa chenyewe. Kitie kwenye bomba la plastiki lililozibwa, kifukie ardhini kina cha nusu mita au zaidi ili joto lisibadilike haraka, na mhimili mmoja uelekee kaskazini ya sumaku. Tumia skrubu za shaba au plastiki. Chuma chochote kikae mbali. Kompyuta nayo iwe mita kadhaa kando. Nguvu ya sumaku ya kitu kama gari hupungua kwa mchemraba wa umbali, kwa hiyo ukisogea mara mbili ya ulipo, usumbufu unashuka mara nane.

Hatua ya 8: Kamata mitikisiko ya uongo

Gari likiegeshwa huacha ngazi: namba inaruka na kubaki huko mpaka liondoke. Lifti na treni za umeme hurudia saa zilezile, na hunyamaza siku za mapumziko. Joto huvuta mstari polepole, na kilele chake huchelewa nyuma ya adhuhuri. Ukiwa na mashaka, weka kihisi cha pili mita kumi kutoka cha kwanza: kilichotoka angani kitaonekana sawa kwenye vyote viwili, na cha jirani kitatofautiana. Kisha linganisha na kituo rasmi cha latitudo yako. Mshtuko usioonekana popote pengine duniani ni wa kwenu tu.

Hatua ya 9: Tumia ulichokipata

Kwa mtu wa kawaida hakuna la kufanya nyumbani. Tuseme uga wa umeme ardhini umefika volti 2 kwa kilomita: kwenye waya wa kilomita 100 hizo ni volti 200, lakini kwenye waya wa mita moja ni volti 0.002. Jumbe zinazosambazwa zikitaka watu wazime simu usiku kwa sababu ya miale ya anga zipuuze.

Wanaoguswa ni wachache na wanajulikana. Anayepima sumaku ya miamba uwandani asimamishe kazi kasi ikizidi nT chache kwa dakika, au arudie mistari aliyopita wakati huo. Anayechimba visima vya mlazo akumbuke kwamba badiliko la nT 500 kuelekea mashariki, penye H ya nT 30,000, hupindisha dira kwa karibu digrii moja. Waendeshaji wa gridi huahirisha matengenezo na kurudisha njia zote kazini ili kuwe na akiba. Mwenye droni au trekta la kujiongoza anaumizwa na kitu kingine: ayonosfia iliyochafuka huharibu ishara za setilaiti, na Mei 2024 wakulima wa Marekani walisimamisha upanzi kwa sababu hiyo.

Weka daftari. Kila tukio liandike kwa saa ya UTC, jina la kituo, vipengele ulivyotumia, kasi ya juu kabisa, kama ni ya dakika au sekunde, na daraja la data. Data zilizohakikiwa zikitoka, pakua upya na ukokotoe tena. Baadhi ya vilele vyako vitatoweka, navyo uvifute kwa mstari mmoja unaosomeka, na sababu pembeni.